Kumchagua Mwovu ili Kumzuia Aliye Mwovu Zaidi

Katika vikao vyetu kuna swali lililorudi mara nyingi, na kila lirudipo huwaacha wasemaji wametengana makundi mawili. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwekewa mbele yake watu wawili wautakao uongozi, naye akawajua wote wawili kuwa hawafai, na akajua kwa yakini kuwa mmoja wao hana budi atatawala, je, limpasalo ni nini? Amchague yule ambaye ubaya wake ni mdogo, au akae nyumbani kwake asimchague yeyote? Kundi la kwanza husema kuwa kura ni ushahidi, na asiyefaa hashuhudiwi kuwa afaa. Kundi la pili husema kuwa nyumba ikishika moto haiulizwi maji yametoka kisima cha nani.

Tumeonelea tusilijibu swali hili kwa dhana tupu, bali tulipime kwa jambo lililotokea kweli, ambalo watu wake wajulikana, hesabu zake zimeandikwa, na mwisho wake umekwisha kuonekana. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa gavana wa jimbo la Louisiana, huko Marekani, mwaka 1991. Mfano wa mbali tumeutwaa kwa makusudi. Mfano wa karibu huingiwa na mapenzi na chuki, na mtu aliyekwisha kupenda au kuchukia mizani yake haisimami sawa.

Yafaa kwanza msomaji aelewe uchaguzi huo ulivyopangwa. Katika majimbo mengi ya Marekani kila chama hufanya mchujo wake, kikamtoa mtu wake mmoja, kisha hao waliotolewa na vyama hukutana katika uchaguzi mkuu. Louisiana iliiacha njia hiyo mwaka 1975, na aliyeiachisha ni gavana wake, Edwin Edwards wa chama cha Democratic. Yeye alipoutafuta ugavana kwa mara ya kwanza, mwaka 1971 hata mwanzo wa 1972, alilazimika kupigana mara tatu: kwanza katika mchujo wa chama chake wenye wagombea wengi, kisha katika duru ya pili ya mchujo huo dhidi ya J. Bennett Johnston, ambaye alimshinda kwa kura chache, na mwisho dhidi ya David Treen wa chama cha Republican, aliyefika kwenye duru hiyo ya mwisho kwa taabu ndogo. Edwards aliona kuwa hilo si haki. Alipokwisha kutawala alipitisha sheria kwamba wagombea wa vyama vyote waandikwe katika karatasi moja na wapigiwe kura siku moja na watu wote. Akitokea mmoja mwenye kura zaidi ya nusu, amekwisha kuchaguliwa. Asipotokea, wale wawili wa mbele hukutana tena, hata wakiwa wa chama kimoja.

Mwaka 1991 waliosimama walikuwa wengi, lakini watatu ndio waliokuwa na nguvu.

Wa kwanza alikuwa Edwards mwenyewe. Alikuwa amekwisha kutawala tangu 1972 hata 1980, na tena tangu 1984 hata 1988. Alikuwa mtu wa ulimi mtamu, apendaye kamari na asiyeficha kuwa aipenda, na jina lake lilikuwa limezungukwa na tuhuma za rushwa kwa miaka mingi. Mwaka 1985 alifikishwa mbele ya mahakama ya serikali kuu. Kesi ya kwanza wazee wa baraza hawakuafikiana, na ya pili, mwaka 1986, akaachiliwa. Kwa hiyo siku ya uchaguzi hakuwa mtu aliyehukumiwa, lakini wachache mno katika jimbo lile waliomdhania kuwa mtu safi.

Wa pili alikuwa Buddy Roemer, gavana aliyekuwako. Huyu aliingia mwaka 1988 kwa ahadi ya kuisafisha serikali. Lakini aligombana na baraza la kutunga sheria, na mpango wake wa kodi ukakataliwa na wananchi kwa kura mwaka 1989. Mwezi wa Machi 1991 akakihama chama cha Democratic akaingia Republican. Chama kile kipya hakikumkumbatia, bali mkutano wake ulimuunga mkono mtu mwingine, Clyde Holloway. Basi Roemer akawa kama aliyetoka nyumba moja kabla hajapewa ufunguo wa nyumba ya pili.

Wa tatu alikuwa David Duke, naye pia akijiita Republican. Mtu huyu katika miaka ya 1970 alikuwa mkuu wa kundi moja la Ku Klux Klan, kikundi ambacho tangu asili yake kazi yake ni kuwatisha na kuwadhulumu watu weusi, na ambacho humpa mkuu wake cheo cha "Mchawi Mkuu". Mwaka 1989 alichaguliwa kuingia katika baraza la jimbo, na mwaka 1990 alipoutafuta useneta alishindwa, lakini alipata zaidi ya kura 40 katika kila 100. Aliwaambia watu kuwa ameyaacha ya ujana wake na kwamba amebadilika.

Tarehe 19 Oktoba 1991 watu walipiga kura. Katika kila kura 100, Edwards alipata kama 34, Duke kama 32, Roemer kama 27, na Holloway kama 5. Hivyo gavana aliyekuwako aliondolewa, na wananchi wakabakiwa na wawili: mtu aliyetuhumiwa rushwa na mtu wa Ku Klux Klan. Swali la vikao vyetu likawa ndilo swali la nchi nzima, na muda wa kulijibu haukutimia mwezi mmoja.

Katika wiki zile ilionekana kwenye magari ya watu karatasi iliyobandikwa, yenye maneno haya: "Mpigie kura mlaghai. Ni jambo la maana." Roemer, aliyemshinda Edwards miaka minne nyuma kwa kuusema uovu wake, sasa aliwataka watu wamchague Edwards. Rais George H. W. Bush, ambaye ni wa chama kile kile alichojinasibisha nacho Duke, alimkana Duke hadharani. Tarehe 16 Novemba Edwards alishinda kwa kura zaidi ya 1,050,000, na Duke akapata kama 671,000. Wapiga kura weusi karibu wote walimpa Edwards. Katika wazungu, waliompa Duke walikuwa zaidi ya nusu.

Sasa na tuyapime maneno ya kundi la kwanza, kwamba kura ni ushahidi. Twakubali kuwa ni ushahidi, lakini twauliza: ni ushahidi wa jambo gani? Mtu aulizwapo, "Je, fulani ni mwema?" naye akajibu kuwa ni mwema hali ya kuwa amjua kuwa ni mwovu, huyo ameshuhudia uwongo. Lakini mtu aulizwapo, "Katika hawa wawili, ni yupi utakayemkabidhi funguo, na lazima umkabidhi mmoja?" jibu lake si sifa kwa yule aliyemtaja. Ni ushahidi kuwa madhara ya huyu ni mepesi kuliko ya yule. Wanazuoni wetu wa kale waliweka kanuni kwamba madhara mazito huondolewa kwa madhara mepesi. Hawakusema kuwa madhara mepesi yamekuwa mema. Yamebaki kuwa madhara.

Na hapa ndipo tuonapo kuwa wale waliobandika karatasi zile kwenye magari walikuwa na insafu kuliko watu wengi. Walimchagua Edwards, na katika tamko lile lile la kumchagua wakamwita mlaghai. Hawakumwosha. Aghalabu sivyo watu wafanyavyo. Mtu akiona kuwa hana budi kumuunga mkono asiyefaa, dhamiri yake humsumbua, na ili ailaze hujitafutia sababu za kumwona anafaa. Jana alimwita mwizi, leo husema kuwa asingiziwa, kesho husema kuwa yeye ni mtetezi wa wanyonge. Basi kura iliyokuwa ya dharura ikageuka kuwa ushahidi wa uwongo. Kundi la kwanza lina haki kuliogopa jambo hili. Ila dawa yake si kukaa nyumbani. Dawa yake ni kuchagua na kubaki na ukweli.

Ama hoja ya mikono safi, sisi twaiona ina kasoro kubwa. Watu wawili wakibaki na mmoja wao lazima atawale, anayekaa nyumbani hakutoka katika jambo lile. Amewaachia wengine waamue, na sehemu yake katika matokeo imebaki pale pale. Tena tutazame ni nani awezaye kuumudu usafi huo. Mzungu wa Louisiana mwenye mali, aliyewachukia wote wawili, angeweza kukaa barazani pake na kusema, "Mimi simo." Lau Duke angalishinda, maisha yake yasingalibadilika sana. Lakini mwanamke mweusi wa New Orleans, ambaye baba yake alizuiwa kupiga kura kwa sababu ya rangi yake, hakuwa na anasa hiyo. Mikono ya yule ingebaki safi kwa gharama ya huyu. Mtu ataka kuihifadhi dhamiri yake, na hilo ni jema. Lakini na aangalie asije akailipia kwa fedha ya jirani yake.

Yupo atakayeuliza: ni nani aliyehukumu kuwa rushwa ni nyepesi kuliko ubaguzi? Je, mla rushwa hamuui maskini, ikiwa hospitali haina dawa na shule haina walimu? Swali hili ni la haki, na hatutaki kuifanya rushwa iwe ndogo. Tofauti twaiona katika hili. Mwenye kuiba mali ya umma huwadhulumu watu, lakini huiacha milango ya kumshitaki: mahakama ipo, gazeti lipo, kura ya mwakani ipo, na aliyedhulumiwa bado ni mtu mbele ya sheria. Ama mwenye kusema kuwa sehemu ya raia si watu kamili, huyo aanza kwa kuifunga milango yenyewe.

Hili Louisiana ililijua kwa kuonja. Mwaka 1896 watu weusi walioandikishwa kupiga kura katika jimbo lile walikuwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1898 ikaandikwa katiba mpya, yenye masharti ya kusoma na ya kumiliki mali, pamoja na kifungu cha kumsamehe masharti hayo mtu ambaye baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya mwaka 1867, yaani mzungu. Kufikia mwaka 1904 waliobaki katika daftari hawakutimia 1,500. Haki ile haikurudi kikamilifu mpaka sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965. Yapata miaka sitini na saba imepita kati ya katiba ile na sheria ile. Watu walizaliwa na kuzeeka katikati yake. Mali ya hazina iliyoibwa haihitaji umri wa watu wawili kurudishwa.

Tena kulikuwa na jambo la toba. Duke alisema ametubu, na wapo waliosema kwamba mwenye kutubu asikataliwe. Ni kweli asikataliwe. Lakini toba ina alama, na alama yake ya kwanza ni kuliacha lile jambo. Mwaka 1989, naye amekwisha kuwa mjumbe wa baraza la jimbo, ilibainika kuwa vitabu vya Kinazi vyauzwa katika afisi yake. Mtu haambiwi kuwa ameacha ulevi ilhali chupa ziko chini ya kitanda. Na hata kama toba ya mtu ni ya kweli, kumsamehe ni jambo moja na kumkabidhi madaraka juu ya wale aliowadhulumu ni jambo jingine.

Basi twasema kuwa watu wa Louisiana hawakukosea siku ile ya Novemba. Lakini kisa hakikuishia hapo, na ni katika mwisho wake kundi la pili lipasalo kusikiliza.

Edwards alitawala kwa muhula wake wa nne hata Januari 1996. Mwaka 2000 mahakama ya serikali kuu ilimtia hatiani kwa kuwatoza watu fedha kwa ajili ya leseni za mashua za kamari, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Aliingia gerezani mwaka 2002 akatoka mwaka 2011, na akafariki mwaka 2021. Yale yaliyoandikwa kwenye magari yalikuwa kweli. Je, wale milioni moja waliomchagua wana hatia ya yale aliyoyafanya? Sisi twaona kuwa hatia ya kumchagua hawana. Lakini wanazuoni wale wale waliotupa ile kanuni ya kwanza waliongeza ya pili: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa hula mzoga kiasi cha kuishi, wala hauchukui nyumbani akaukaribishia wageni. Aliyemchagua mlaghai kwa dharura amepewa ruhusa ya siku moja tu. Kesho yake ruhusa imekwisha, na umebaki wajibu wa kumlinda kama alindwavyo mtu unayejua kuwa mkono wake ni mrefu. Anayempigia kura mlaghai kisha akaenda kulala, huyo hana udhuru wa dharura tena.

Na iko hatari nyingine. Mlaghai mwerevu akiisha kujua kuwa watu humchagua kila wamwonapo aliye mbaya zaidi yake, hatakuwa na haja ya kutengenea. Atakachohitaji ni adui wa kutisha tu, na asipompata atamtengeneza. Kwa hiyo kanuni ya madhara mepesi ni dawa, na dawa ikinywewa kila siku kama chakula humdhoofisha anayeinywa. Jamii inayojikuta katika kila uchaguzi ikichagua kati ya wabaya wawili yapasa ijiulize ni nani aliyewapanga wabaya hao wawili mbele yake, na ni siku gani walipopangwa.

Jibu ni kuwa walipangwa siku ya mchujo. Tarehe 16 Novemba mpiga kura wa Louisiana alikuwa na njia mbili tu, lakini tarehe 19 Oktoba alikuwa na njia nyingi. Waliomchoka Roemer kwa sababu ya kodi, waliomwona ana kiburi, waliotaka kumwonyesha hasira yao Duke akiwa ndiye fimbo yao, na wale waliosema kuwa duru ya kwanza haina maana, hao ndio walioandika swali ambalo wiki nne baadaye lilimsumbua kila mtu. Kura ya hasira hupigwa kwa urahisi, lakini aliyeipiga hana uwezo wa kuichagua siku itakayohesabiwa.

Wazungu wa kusini mwa Marekani waliijua nguvu ya mchujo mapema. Kwa miaka mingi chama cha Democratic kilitawala huko peke yake, hata anayeshinda mchujo wake alikuwa kama amekwisha kuapishwa. Kwa hiyo vyama vikawafungia watu weusi mchujo, vikisema kuwa chama ni jambo la binafsi kama nyumba ya mtu. Mwaka 1941 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisiana juu ya maafisa walioharibu kura za mchujo mjini New Orleans, iliamua kuwa mchujo ni sehemu ya uchaguzi wenyewe. Mwaka 1944, katika kesi iliyotoka Texas, ikaamua kuwa mchujo wa wazungu peke yao ni batili. Watu walihangaika mahakamani miaka mingi ili wapate kuingia katika mlango huu wa kwanza. Kwetu mlango huo u wazi, na wengi hatuupiti.

Hapa ndipo mambo yale ya mbali yanapotugusa sisi wa Kenya. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 nasi twachagua magavana katika kaunti zetu, na iko miji na kaunti ambako chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba mwenye tiketi yake ahesabiwa amekwisha kupita. Tena katiba yetu ya mwaka 2010 haikuweka duru ya pili kwa ugavana: mwenye kura nyingi kuliko wenziwe ndiye gavana, hata kama kura hizo hazifiki nusu. Lau sheria hiyo ndiyo iliyokuwako Louisiana, mambo yangaliamuliwa siku ile ya kwanza, na kati ya Edwards na Duke palikuwa na tofauti ya kura mbili tu na kitu kidogo katika kila 100. Wao walipewa wiki nne za kujirudi. Sisi hatupewi hata siku moja.

Kwa hiyo twawanasihi ndugu zetu mambo matatu. La kwanza, aliyekufikisha kwenye wabaya wawili na asikufanye uikimbie kura yako. Pima madhara, na umzuie yule atakayefunga milango ya haki. La pili, ukimchagua asiyefaa kwa dharura, usimwoshe kwa ulimi wako wala usiache kumwangalia. La tatu, nalo ndilo kubwa, usiungoje uchaguzi mkuu ndipo uanze kuulizia watu wema. Siku ya mchujo wa chama huwa na jua kali na safu ndefu, na walioamka mapema aghalabu ni wale waliolipwa waamke. Nenda nawe, ujue ni nani waliosimama, uwaulize mali zao wamezipataje na walifanya nini walipokuwa na madaraka, na mwema ukimpata usimwache peke yake kwa kuwa hana fedha za kugawa.

Hayo ndiyo tuyaonayo sisi. Mwenye hoja iliyo bora zaidi na atuletee, nasi tutaisoma mbele ya wote kama tulivyoisoma hii.